Bima Iliyokwisha Muda

Kwa miaka tisa kazi yangu ilikuwa kuangalia tarehe. Nilikuwa karani wa usafirishaji katika shirika moja la umma lililokuwa na ofisi Kibiti, likinunua korosho na mpunga wa wakulima. Shirika lilikuwa na malori na Land Rover kadhaa, na kila gari lilikuwa na ukurasa wake katika daftari langu lenye jalada jeusi: leseni ya barabara inaisha lini, bima inaisha lini. Tarehe ya bima niliiandika kwa wino mwekundu. Mwezi mmoja kabla haijafika nilikuwa nimeshaandika barua makao makuu, na barua isipojibiwa nilipanda basi nikaifuata mwenyewe.

Kuna siku meneja alitaka lori liende Mohoro kuchukua mpunga, na bima ya lori lile ilikuwa imeisha jana yake. Nikaufungia ufunguo wake kwenye mtoto wa meza. Meneja alinijia juu mbele ya madereva wote.

"Mpunga utanyeshewa," akasema.

"Utanyeshewa, mzee," nikamjibu, "lakini lori halitoki."

Halikutoka, na mpunga ulinyeshewa kweli. Makao makuu walipopata habari waliniandikia barua ya pongezi. Barua hiyo ninayo hadi leo na simwonyeshi mtu. Naeleza haya mapema ili anayesoma asidhani kwamba nilikuwa mtu asiyejua.

Mume wangu alikuwa dereva wa shirika hilohilo. Tulioana tukiwa kazini, na watoto wetu watatu walizaliwa tukiwa kazini. Kisha ikaja miaka ya ruksa. Wafanyabiashara wa mjini wakaruhusiwa kuja wenyewe kununua mazao, wakaja na malori yao na fedha taslimu, na wakulima hawakuwa na sababu ya kusubiri stakabadhi zetu. Shirika likabaki na maghala matupu. Mimi na mume wangu tulipunguzwa kazi siku moja, kwa barua mbili zinazofanana neno kwa neno, zilizopigwa chapa kwa mashine niliyokuwa nikiitumia mwenyewe.

Kiinua mgongo cha mume wangu tulikiezekea nyumba bati. Changu tulinunulia pikapu iliyotumika, na kwa sababu fedha ilikuwa yangu, kadi ya gari ikaandikwa jina langu. Wanawake wa mtaani kwetu walikuja kuiangalia. Mmoja aliizunguka mara mbili, akaniuliza kama kweli ni yangu au nimeandikwa tu. Nikamwambia ni yangu. Nilijisikia vizuri sana siku ile.

Tulikuwa tukibeba mpunga kutoka Ikwiriri, na pengine samaki wakavu na mikeka, tukileta Kibiti. Mwaka wa kwanza nilikata bima kama ilivyotakiwa. Wakati ule bima ilikuwa ya serikali peke yake, na kuikata kulikuwa safari ya siku mbili mjini. Nilikwenda, nikarudi na stika, nikaibandika kwenye kioo cha mbele kwa mkono wangu.

Mwaka wa pili, siku chache kabla ya bima kuisha, klachi ikafa. Ilitubidi tuchague. Tulikaa ukumbini, mimi na mume wangu, stakabadhi za vipuri mbele yetu.

"Stika imebakiza siku ngapi?" akaniuliza.

"Nane."

"Tufanyeje? Wewe ndiye unayeyajua mambo haya."

Nikasema tutengeneze klachi kwanza. Mavuno yalikuwa yameshaanza mabondeni, safari zingekuwa nyingi, na tukipata kidogo tu ningekwenda mjini kukata bima. Hakubisha. Kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hakuwahi kuona nimekosea jambo la karatasi, na hakuwa na sababu ya kuanza kunishuku siku ile.

Siku ya kwanza baada ya tarehe kupita nilikaa na wasiwasi mpaka aliporudi. Siku ya pili hivyohivyo. Wiki ya tatu niliacha kuiangalia stika. Fedha zilipatikana, lakini kila zilipopatikana palikuwa na kitu cha karibu zaidi: ada ya shule, tairi, dawa ya mtoto. Ofisini nilikuwa mkali kwa fedha isiyokuwa yangu. Hilo nililigundua nimeshachelewa.

Ajali ilitokea asubuhi, saa tatu hivi. Tulikuwa tunatoka Ikwiriri na magunia ya mpunga. Mume wangu alikuwa kwenye usukani, mimi pembeni yake nimempakata mtoto wetu wa mwisho, ambaye alikuwa bado ananyonya. Karibu na soko la Kibiti lilikuwa limesimama basi la kwenda kusini. Mwanamke mmoja akajitokeza mbele ya basi akiwa na kapu kichwani, anavuka. Hatukuwa tunakwenda kasi. Mume wangu alikanyaga breki, na breki zikashika, lakini gari lenye mzigo halisimami papo hapo. Nilisikia kishindo kidogo, kama mtu aliyetua gunia chini.

Kapu lake lilikuwa la kamba wakavu. Walimwagika juu ya boneti na barabara nzima. Nilimwachia mume wangu mtoto, nikashuka. Yule mwanamke alikuwa amelala ubavu, mguu wake wa kushoto umegeukia mahali ambapo mguu haugeukii. Alikuwa macho. Nilipoinama aliniangalia usoni akasema, "Kamba wangu." Hakusema lingine mpaka tunafika hospitali.

Watu walishusha magunia yetu, wakampakia nyuma ya pikapu hiyohiyo iliyomgonga, na tukampeleka hospitali ya misheni. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika juu, karibu na nyonga. Daktari alisema angelala pale wiki nyingi, mguu umefungiwa uzito, na hata akitoka asitarajie mguu wa zamani.

Trafiki alitufuata hospitalini. Alikuwa koplo mtu mzima tuliyefahamiana siku nyingi. Enzi za shirika alikuwa akija ofisini kukagua magari, na mara nyingi hakuyakagua. Alikuwa akiomba daftari langu, akilipitia ukurasa kwa ukurasa, akinywa chai na kwenda zake. Siku ile alikuwa ameshapima alama za breki kule sokoni na kuwahoji watu wa basini. Akalizunguka gari. Halafu akasimama mbele ya kioo kwa muda. Akaniita.

"Dada, hii stika imeisha."

"Najua," nikasema.

Akainua kichwa kutoka kwenye karatasi yake. Nafikiri alikuwa ananipa nafasi. Ningeweza kusema tumeshalipia, stika iko njiani, basi halijaileta. Watu walikuwa wakisema hivyo kila siku, na pengine yeye angeandika hivyo.

"Unajua?"

"Najua. Leo ni wiki ya sita."

Akaandika. Mkono wake ulikwenda polepole, na alipomaliza alinisomea, nikatia sahihi.

Polisi hawakumshtaki mume wangu kwa uzembe, maana watu wa basini walieleza jinsi ilivyokuwa. Shtaka lilikuwa la bima tu, nalo lilitushika wawili. Mume wangu alikuwa mshitakiwa wa kwanza, kwa kuendesha chombo cha moto barabarani bila bima halali. Mimi nilikuwa wa pili, mmiliki aliyeruhusu chombo hicho kitumike. Pikapu ilibaki kituo cha polisi kama kielelezo.

Mahakama ya wilaya ilikuwa ng'ambo ya mto. Tulivuka kwa kivuko siku ya kesi, mimi na mume wangu na mtoto, tukakaa kwenye benchi la nje na watu wa kesi za wizi wa korosho na ugomvi wa mipaka ya mashamba. Aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi, amevaa kanzu iliyofuliwa vizuri, alikuwa kaka yake yule mwanamke. Alikuwa mkata mikoko wa Maparoni, huko visiwani, na alikuwa amesafiri siku mbili kufika pale. Tulimsalimia. Aliitikia, akatazama mbele.

Tuliposomewa mashtaka sote tulikubali kosa. Hakimu alikuwa mtu mtulivu, asiyepandisha sauti. Alieleza kwamba sheria ya bima ya magari inampa nafasi ya kutoza faini au kufunga jela au vyote viwili, na kwamba dereva anayetiwa hatiani hufungiwa leseni yake miezi kumi na miwili, isipokuwa pakiwa na sababu maalumu.

"Una sababu yoyote maalumu ya kuieleza mahakama?" akamwuliza mume wangu.

Mume wangu alikuwa na sababu. Angeweza kusema kwamba mambo ya bima yalikuwa mikononi mwa mkewe, karani wa miaka tisa, na kwamba yeye alimwamini. Ingekuwa kweli tupu, na nilisimama pale kizimbani nikimsubiri aiseme.

"Sina, mheshimiwa," akasema.

Hakimu akanigeukia mimi. Alikuwa na maelezo yangu ya polisi mkononi.

"Hapa umesema ulijua. Kabla ya kununua gari ulikuwa ukifanya kazi gani?"

Nikamweleza. Nilimweleza hata habari za daftari, maana aliniuliza kazi yenyewe ilikuwa ipi hasa. Yule koplo, aliyekuwa amekaa nyuma ya mwendesha mashtaka, aliinamisha kichwa akawa anatazama kofia yake.

"Basi mahakama haiwezi kukuchukulia kama mtu asiyeelewa," hakimu akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira hata kidogo. "Mume wako alikuwa na wa kumtegemea. Wewe ulikuwa unamtegemea nani?"

Hakimu alimtoza mume wangu faini, au kifungo cha miezi minne akishindwa kulipa, na leseni ikafungwa mwaka mzima. Mimi alinitoza faini kubwa zaidi, au miezi sita.

Kabla hajafunga jalada aliuliza kama jamaa wa majeruhi yupo. Yule mkata mikoko akasimama, akaomba ruhusa ya kuuliza.

"Hiyo faini, mheshimiwa, inakwenda kwa nani?"

"Inakwenda serikalini."

"Na dada yangu?"

Hakimu alivua miwani. Alimweleza polepole, kwa maneno ya kawaida, kwamba gari lingekuwa na bima, shirika la bima ndilo lingelipa hospitali, na lingemlipa dada yake kwa mguu na kwa kazi aliyopoteza. Kwa kuwa halikuwa nayo, dada yake ana haki ya kufungua madai dhidi ya mwenye gari, lakini ni kesi nyingine, na itamlazimu mwenye gari awe na kitu cha kulipa.

Yule mtu akatugeukia. Alimtazama mume wangu na shati lake la zamani la shirika, akanitazama mimi na mtoto mgongoni.

"Nimeelewa," akasema, akaketi.

Fedha tuliyokwenda nayo ilitosha faini moja. Tuliikusanya kwa ndugu zetu wote, na palikuwa hapana mahali pengine pa kwenda. Mume wangu alinivuta kando barazani, askari akiwa amesimama hatua chache.

"Lipa yako," akasema.

"Kosa ni langu. Nilipe yako, mimi nibaki."

"Mtoto ananyonya kwako, hanyonyi kwangu. Lipa yako, uende nyumbani."

Nilitaka kusema kwamba angesema ile sababu yake huenda tungekuwa tunarudi wote. Badala yake nikaenda dirishani kwa karani wa mahakama, mwanamke wa rika langu, akaniandikia stakabadhi kwa mwandiko mzuri. Nilipogeuka, mume wangu alikuwa ameshapelekwa.

Nje nilimkuta yule mkata mikoko ananisubiri.

"Dada yangu hana mume," akaniambia. "Mume alifariki. Ana binti mmoja, na binti yuko visiwani analinda nyumba. Akitoka hospitali hawezi kupanda mtumbwi na mguu ule, na daktari anataka amwone kila wiki. Sina ndugu Kibiti. Atakaa kwako mpaka atembee."

Hakuuliza, na mimi sikuhitaji kuulizwa. Nikamwambia chumba kipo.

Aliletwa baada ya wiki saba, kwa gari la misheni, akiwa na magongo mawili. Nilimpa chumba cha mbele, kile chenye dirisha la barabarani, na kitanda chetu, kwa sababu kilikuwa kirefu kuliko vingine. Alikuwa amenizidi miaka kama kumi. Nilimwita dada. Yeye hakuniita kitu chochote. Akitaka jambo aligonga gongo sakafuni.

Nilikuwa nikiamka alfajiri kukaanga vitumbua vya kuuza, halafu nachemsha maji, namwogesha, namsugua mgongo, namtia mafuta ya nazi ya moto mguuni kama daktari alivyoelekeza. Nilimshika kiunoni kumpeleka chooni na kumrudisha. Alikuwa mzito, na hakupenda kushikwa. Wiki za mwanzo hatukuzungumza zaidi ya maji yamepoa, au sogea hapa. Jioni alikuwa akikaa dirishani anatazama magari. Likipita pikapu, alilifuata kwa macho mpaka likapotea.

Lakini nyumba moja ni nyumba moja. Akaanza kuuliza watoto majina ya walimu wao. Akaanza kulalamikia namna ninavyopika kamba, akasema nawachemsha kama maharage, akanielekeza. Nikajua kazi yake ilivyokuwa: alikuwa akizunguka kwa mtumbwi kwenye madago, zile kambi za wavuvi zilizo midomoni mwa mto, akinunua kamba wabichi, akiwakausha juani na kuwaleta Kibiti. Alianza akiwa msichana. Alinieleza jinsi ya kutambua kwa harufu kamba aliyekauka siku ya mvua. Alipokuwa akieleza mambo hayo uso wake ulifunguka, na mimi nilisahau kwa muda kwa nini yuko kwangu.

Mwezi wa pili, nikiwa namsugua mguu, aliniuliza.

"Kaka yangu aliniambia kuna neno ulimwambia polisi."

"Ndiyo."

"Neno gani?"

"Aliniambia stika imeisha. Nikamwambia najua."

Akageukia dirishani.

"Hiyo stika sijaielewa mpaka leo. Wananitajia bima, bima. Nieleze wewe uliyeifanyia kazi."

Nikamweleza. Nilimwambia kwamba wenye magari wote wanachanga mahali pamoja kila mwaka, na gari la mmoja likimuumiza mtu, mtu yule analipwa kutoka kwenye ule mchango, hata kama hajulikani, hata kama aliyemgonga ni maskini.

"Kwa hiyo palikuwa na watu ambao hawanijui, kazi yao kunilipa mimi," akasema.

"Ndiyo."

"Na wewe ndiye uliyekuwa uwaambie."

"Ndiyo, dada."

Alivuta kanga akaufunika mguu wake, ingawa nilikuwa sijamaliza. Nikachukua chupa ya mafuta nikatoka.

Siku mbili hakula chakula kutoka mkononi mwangu. Nilimpa binti yangu mkubwa ampelekee, akala. Nilipoingia kufagia aligeukia ukuta. Nililia jikoni, kimyakimya, watoto wasinione, na sikuwa najionea huruma. Nilikuwa naliona lile daftari jeusi, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba miaka ile yote nilikuwa nikiandika tarehe kwa wino mwekundu bila kumfikiria mtu yeyote. Nilikuwa nafikiri juu ya polisi, na makao makuu, na sifa yangu. Sikuwahi kufikiri kwamba mwisho wa ile tarehe palikuwa na mguu wa mtu.

Siku ya tatu gongo liligonga sakafuni. Nikaenda, nikasimama mlangoni.

"Njoo uniinue," akasema. "Nataka chooni. Siwezi kukukasirikia na haja imenibana."

Nikamshika kiunoni kama kawaida. Tulipokuwa katikati ya ua alisimama kupumua, ameniegemea uzito wake wote.

"Afadhali ungenidanganya," akasema. "Ungesema hukujua, ningekuwa nimeshakusamehe."

"Nilitaka kukudanganya."

"Basi." Akaanza kutembea tena.

Hatukulizungumza tena. Hakusema amenisamehe, wala mimi sikumwomba aseme.

Mume wangu alitoka kabla ya miezi minne kutimia, kwa msamaha wa tabia njema. Alirudi amenyolewa, amekonda, viganja vigumu kwa jembe la gereza. Alijua nani yumo ndani. Alikaa barazani, akakataa kuingia, akasema amechoka na anapunga upepo. Yule dada alitoka kwa magongo yake mpaka mlangoni.

"Shikamoo, dada," mume wangu akasema, akainuka.

"Marahaba. Ingia ndani kwako. Unataka mimi mgeni nikukaribishe?"

"Nilikuwa nakuona kila siku," akamwambia. "Kule. Kila siku unatokea mbele ya basi."

Yule dada akaegemeza gongo moja mlangoni. "Mimi wewe sikukuona," akasema. "Niliona gari tu." Nadhani alitaka kumpunguzia mzigo, na labda ulipungua kidogo, maana mume wangu aliingia.

Yule dada aliondoka kwetu mwezi uliofuata, na gongo moja. Pikapu iliporudishwa na polisi tuliiuza kama ilivyokuwa, na sehemu kubwa ya fedha tulimkabidhi kaka yake mbele ya wazee wawili wa msikitini. Haikuwa fidia. Nilijua hesabu ya fidia yenyewe, maana zamani niliwahi kujaza fomu zake. Aliipokea, akasema itamsaidia binti kupata mtumbwi wake mwenyewe.

Mume wangu alirudishiwa leseni mwaka ulipotimia. Alikaa nayo wiki nzima sandukuni, halafu akaenda kuomba kazi kwa mwenye mabasi, kwa sababu watoto walikuwa wanasoma. Anaendesha kwa uangalifu unaowachosha abiria. Mimi niliendelea na vitumbua. Baadaye kampuni za watu binafsi ziliporuhusiwa kuuza bima, wakala mmoja alifungua chumba Kibiti akawa anatafuta mtu anayezijua fomu. Nilikwenda. Tulizungumza vizuri mpaka alipouliza kama nimewahi kutiwa hatiani na mahakama. Nikamwambia ndiyo, na kosa lenyewe. Alicheka akidhani ni mzaha, kisha akaacha kucheka. Akasema angeniita. Hakuniita, nami sikumlaumu.

Miaka michache ikapita. Yule dada alikuwa akituletea salamu na mfuko wa kamba kupitia wachuuzi wa visiwani. Siku moja salamu zilikuja na mwaliko: binti yake anaolewa. Mume wangu alikuwa safarini, nikaenda peke yangu.

Dada alikuja mwenyewe kunipokea bara, kwa mtumbwi, kaka yake akipiga kasia. Alikuwa amenenepa kidogo na amevaa kanga mpya. Tuliingia kwenye mikono ya mto, mikoko pande zote mbili, tukazungumza habari za watoto. Tulipofika Maparoni maji yalikuwa yamekupwa. Mtumbwi ulikwama mbali na ukingo, na mbele yetu palikuwa na tope jeusi mpaka kwenye nyumba za kwanza. Wanawake wengine wawili tuliokuwa nao walikunja kanga zao, wakashuka, wakazama mpaka magotini, wakaenda wakizungumza kama watu wanaokatiza ua. Mimi nikavua viatu. Yeye alibaki ameketi.

"Hushuki?" nikamwuliza.

"Mguu huu ukiingia hautoki," akasema. "Tangu nitoke kwako sijakanyaga tope."

Huko kwao hakuna safari isiyo na tope. Kwenda dago ni tope, kupakia kamba ni tope, kwenda kwa jirani maji yakikupwa ni tope. Mimi niliyemsugua mguu ule kwa miezi sikuwa nimelijua hilo.

"Madago anakwenda nani sasa?"

"Binti yangu."

"Na akishaolewa? Anaolewa hapahapa?"

"Mume ni mtu wa Mohoro." Alikuwa anatazama nyumba, walikokuwa wakipiga vigelegele. "Anamchukua wiki ijayo."

"Utafanyaje, dada?"

"Sijui bado," akasema.

Kaka yake alishuka, akamgeuzia mgongo, akainama. Mimi nikashuka upande wa kushoto, tope likanifika magotini, baridi. Nikaushika ule mguu usiokunjika ili usigonge ukingo wa mtumbwi.

"Shika chini ya goti," akanielekeza. "Hapo. Usivute."

Tukaenda hivyo watatu, hatua moja moja, kaka yake akihema, mimi pembeni nikiubeba mguu. Ukingoni wasichana walikuwa wakitusubiri na ndoo za maji ya kunawa. Walimkalisha dada kwenye kiti, wakaanza kumnawisha kaka yake, kisha wakaja kwangu. Msichana mmoja, aliyekuwa akimnawisha kila aliyefika bila kutazama nyuso, alimwendea dada naye na ndoo, akachuchumaa mbele yake, halafu akainuka akaondoka. Miguu ya dada ilikuwa mikavu, haina tope.